Siku Gereji Nzima Iliposema Neno Nililolikata

Siku ya kuniaga kazini, mlipokuwa mnanikabidhi saa ya ukutani, mmoja wenu aliniuliza mbele ya wote kazi ya msomaji wa michezo ilikuwa kazi gani hasa. Nilijibu kwa mzaha, watu wakacheka, tukaendelea na soda zetu. Nilipofika nyumbani niliona swali lile lilistahili jibu. Hili ndilo jibu. Halina habari za vyeo, maana havikuwa vingi, wala za mshahara, kwa sababu hiyo hiyo.

Katika miaka ile, mchezo wowote wa kuigizwa mbele ya watu hapa Bujumbura ulipaswa kuletwa kwetu kwanza, maandishi yake yote, nakala mbili. Tulikuwa wasomaji watatu: wa Kirundi, wa Kifaransa, na mimi wa Kiswahili. Tulisoma, tukakata kilichopaswa kukatwa, tukapiga mhuri. Bila mhuri hakuna mchezo. Mimi nilichukuliwa kwa sababu nimezaliwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili. Aliyenihoji alisema wazi kwamba idara inahitaji mtu anayejua ni wakati gani mtu wa Buyenzi anakutukana kwa heshima.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bwana Silvestri, msomaji wa Kirundi, mtu mrefu aliyewahi kusomea upadre akaacha. Siku ya kwanza alinipa penseli mbili. Ya bluu ilikuwa ya makosa ya kuandika, nyekundu ilikuwa ya kukata. Akaniambia nisichonge nyekundu mara kwa mara. "Ikiwa kali sana, mukono unaitafutia kazi," alisema. Akanifundisha pia kusoma kila mchezo kwa sauti, mlango umefungwa, hata sehemu za wanawake na watoto. Kwa hiyo msishangae mkisikia kwamba watu wazima wawili walikuwa wakililiana na kubembelezana mle ofisini saa tatu asubuhi. Ilikuwa kazi ya serikali.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba hatari ya mchezo iko kwenye maneno. Nilikuwa na daftari la maneno: jina la mkubwa fulani, mtaa fulani, mnyama ambaye watu walikuwa wamempa jina la mkubwa fulani. Nilikata vizuri. Sijisifu, ila hakuna mchezo niliopigia mhuri mimi ulioleta simu kwa Mkurugenzi, mpaka ule wa mafundi.

Vita vilikuwa vimeshaligawanya jiji. Mtu wa mtaa wa Kinama hakupita mtaa wa Ngagara, wa Ngagara hakupita Kinama, na kila mmoja alijua sababu, wala sina haja ya kuwaeleza. Buyenzi palibaki mahali ambapo wote walilazimika kufika, maana vipuri viko huko na mafundi wako huko, na gari ikiharibika haiulizi fundi ni wa kabila gani. Juu ya vita, nchi jirani zikatufungia mipaka. Mafuta yakawa adimu. Ukitaka mafuta ya gari, au mazutu, yaani dizeli, ya mashine, ulihitaji boni, kile kikaratasi chenye saini. Boni zilitolewa kwenye ofisi moja ambayo siitaji, kupitia gishe moja, yaani kidirisha kimoja cha kioo ambacho nyuma yake alikaa mkubwa wa ofisi mwenyewe.

Ndipo Yusufu alipokuja mezani kwangu. Watu walimwita Boji, jina la ile plagi inayotoa cheche kwenye injini. Alikuwa mfupi, kama miaka thelathini, na mafuta meusi yalikuwa yameingia kwenye kucha zake moja kwa moja. Aliweka nakala mbili mezani kwa ncha za vidole ili asizichafue. Mchezo uliitwa *Barua ya Shule*.

"Nyinyi mafundi mnapata wapi wakati wa kuigiza?" nikamuuliza.

"Magari hayana mafuta, Mzee. Gari ikilala, fundi naye analala. Sasa sisi tukasema, badala ya kulala tucheze."

"Kuna siasa humu?"

"Apana, Mzee. Ni mambo ya nyumbani tu. Baba na mama."

Nilisoma kwa sauti, mlango umefungwa. Kweli yalikuwa mambo ya nyumbani. Mtoto amefukuzwa shule, anahitaji barua ya baba ili arudishwe. Mama anamuomba baba aandike. Baba ni mvivu. Kila akianza kuandika anasema, "Kalamu imekauka," mpaka mama amletee chai, halafu kuku, halafu mto wa kuegemea. Mwishoni mama anachukua kalamu na kuandika mwenyewe. Nilitabasamu. Nikaandika pembeni kwa bluu: "Unafundisha malezi." Nikapiga mhuri.

Kwa sababu ya amri ya kutotembea jioni, michezo ilichezwa mchana. Jumapili, saa nane, nilikwenda na mke wangu Mwajuma kwenye gereji moja kubwa ya Buyenzi. Viti vilikuwa mbao juu ya magurudumu. Mimi, kama mtu wa serikali, nilitengewa kiti cha mbele cha teksi iliyokufa, kikiwa bado na mkanda wake, nikaufunga. Niliweka maandishi magotini nifuatilie neno kwa neno, kama sheria ilivyotaka.

Maandishi yalisema: "Baba amekaa mezani." Hayakusema zaidi. Mafundi wawili wakaleta mlango wa gari, mlango mzima wenye kioo chake, wakausimamisha juu ya jeki mbili katikati ya uwanja. Boji akaja amevaa koti, akakaa nyuma ya ule mlango, kioo kimepandishwa. Aliyeigiza mama alikuwa fundi wa breki mwenye masharubu, amejifunga kitenge. Akagonga kioo. Boji akasoma gazeti. Akagonga tena. Boji akakunja gazeti polepole, akashika mkono wa kioo, akauzungusha. Kioo kikashuka vidole viwili.

"Shida?" akasema.

Niliangalia karatasi. Neno lilikuwepo: "Shida?" Lakini gereji ilikuwa imeshaanza kutikisika.

Mama akaeleza habari za mtoto. Boji akatoa kalamu mfukoni, akaipuliza, akaitikisa karibu na sikio kama mtu anayesikiliza yai kama limeoza, akaigusisha kwenye karatasi. Akainua uso wenye huzuni kubwa.

"Kalamu imekauka."

Sijawahi kusikia sauti kama ile, si kabla wala baadaye. Nilidhani paa limeanguka. Wanaume walipiga mbao kwa ngumi. Mtu mmoja nyuma alipiga kelele, "Ni yeye! Wallahi ni yeye!" Nikageuka kwa Mwajuma. Alikuwa ameziba mdomo kwa kanga na machozi yanamtoka.

"Unacheka nini?"

"We hujui?"

"Sijui."

Aliniangalia kwa huruma, na huruma ile naikumbuka mpaka leo. "Baba Hadija, hiyo si gishe ya boni? Mukubwa wa pale ndivyo anavyosema. Boni yako iko tayari, inabaki saini tu, halafu kalamu imekauka. Ukiilowesha, inaandika."

Mwajuma alikuwa na kinu kidogo cha kusaga muhogo, kilichokula mazutu. "Na wewe uliilowesha?" nikamuuliza.

"Ningefanya nini?"

"Kwa kitu gani?"

"Kile kitenge cha harusi ya Hadija."

Kitenge kile Mwajuma aliniambia kiko kwa dada yake, Uvira. Nilikuwa nimeuliza mara mbili.

Nilirudisha macho kwenye karatasi zangu. Kila neno lilikuwa pale, na mhuri wangu juu yake. Mimi niliyelipwa kujua kilichomo ndani ya maneno ndiye pekee ambaye hakujua. Boni zetu sisi wa ofisini zilikuja kwenye bahasha. Sikuwahi kusimama kwenye gishe ile. Nilikaa karibu sana na serikali kiasi cha kutoiona.

Na mchezo haukuwa umekwisha. Chai ikaja, kioo kikashuka kidogo, kalamu ikaandika mstari mmoja, ikakauka. Kuku akaja. Mto ukaja. Watu walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Kisha ukafika mwisho, pale ambapo maandishi yalisema: "Mama anachukua kalamu." Yule fundi mwenye masharubu alisimama mbele ya kioo kilichopandishwa tena, amechoka, mikono mitupu. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Halafu akatembea, taratibu kabisa, akauzunguka ule mlango. Hapakuwa na ukuta. Palikuwa na mlango wa gari juu ya jeki mbili na mtu mfupi amekaa nyuma yake.

Kicheko kilikatika. Nilisikia jeki moja ikilia. Watu walikuwa wanaangalia ile nafasi pembeni ya mlango, nafasi ambayo ilikuwepo tangu mwanzo na hakuna aliyekuwa ameiona. Nilijikuta nasimama, na mkanda wa kile kiti cha teksi ukanivuta chini.

Jumatatu saa mbili Mkurugenzi aliniita.

"Nani alipitisha mchezo ule?"

"Mimi, Bwana Mkurugenzi."

"Wameongeza maneno gani?"

"Hawakuongeza. Nilifuatilia."

Akachukua nakala, akasoma mwenyewe, kidole chini ya kila mstari. Akafika pale kalamu inapokauka. "Hili. Likate. Kila mahali."

Lilikuwa mahali panne. Nililikata mbele yake, kwa nyekundu. Nilipomwita Boji na kumwonyesha, alitazama ile mistari, akasema, "Sawa, Mzee. Karatasi ni yenu." Alikubali upesi mno. Ningepaswa kujua.

Mara ya pili gereji ilijaa kupita kiasi. Watu walikaa juu ya mabati ya magari mabovu. Habari zilikuwa zimefika mbali. Walikuja wanawake wa Kinama na vikapu vyao, wamekuja kwa miguu. Walikuja makarani wa Ngagara na mashati yao ya pasi. Katikati ya gereji palikuwa na lori lililosimama muda mrefu bila injini, na watu wakajipanga wenyewe bila kuambiwa, hawa upande huu wa lori, wale upande ule. Jirani yangu safari hii hakuwa Mwajuma. Alikuwa bwana mmoja wa upelelezi aliyevaa miwani. Nilimwita Shefu, kama kila mtu.

Mlango ukawekwa. Boji akaketi. Mama akagonga, kioo kikashuka. "Shida?" Mama akaeleza. Boji akatoa kalamu, akaipuliza, akaitikisa, akaigusisha kwenye karatasi. Akainua uso.

Akanyamaza.

Aliwaangalia watu, midomo imefungwa, kalamu mkononi. Nilihesabu pumzi zangu. Jasho lilikuwa linamtoka. Aliwaangalia tu, kama mtu aliyesahau jina la mtoto wake na anaomba asaidiwe.

Mwanamke mmoja wa upande wa Kinama akasema, si kwa nguvu: "Ikaramu yumye."

Upande wa pili wa lori mwanaume akarudia, naye kwa Kirundi. Halafu Buyenzi ikaitika kwa Kiswahili, na wachache kwa Kifaransa, na sauti zikapanda na kukutana mpaka mabati yakalia: kalamu imekauka, kalamu imekauka. Baadaye likatokea jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike haya yote. Watu wakasimama kuangaliana juu ya lile lori. Nilimwona karani mmoja amepanda tairi, anawatazama wale wanawake wa vikapu kwa mshangao mkubwa.

"Namwe?" akawauliza. Na nyinyi pia?

"Natwe!" wakamjibu. Sisi pia!

Nilikuwa nimesoma hotuba nyingi za kupatanisha watu. Nyingine nilizisahihisha kwa bluu. Hakuna hata moja iliyowahi kufanya nilichokiona pale, na mtu aliyekifanya alikuwa amefunga mdomo.

Yule Shefu aliinama kwangu. "Nani amesema?"

"Watu, Shefu."

"Watu gani?"

Sikujua kidole nikielekeze wapi.

Boji alichukuliwa Jumanne, akiwa chini ya gari. Siku mbili baadaye nami nikaitwa kutoa ushahidi. Kabla ya kwenda nilipanda basi mpaka Ngagara kwa Bwana Silvestri, aliyekuwa ameshastaafu, akifuga sungura nyuma ya nyumba yake. Nilimweleza kila kitu. Alisikiliza huku akimlisha sungura majani.

"Ulikata neno zuri sana," alisema mwishoni. "Ukikata neno, unaacha nafasi yake wazi. Wewe uliwapa watu nafasi ya kusema."

"Nifanye nini sasa? Wanataka niseme alilisema."

"Alilisema?"

"Hapana."

"Basi." Akaendelea na sungura wake. Nilipofika mlangoni akaniita. "Mwajuma anajua unaenda huko?"

"Anajua."

"Vaa koti. Mule ndani iko baridi."

Kulikuwa na baridi kweli. Yule Shefu wa miwani alikuwa ameandaa karatasi tayari: kwamba mimi, msomaji, nilisikia mtuhumiwa akitamka maneno yaliyokatazwa. Ilibaki saini yangu.

"Hakuyatamka, Shefu."

"Yalisikika."

"Yalisikika. Lakini si kwake. Yeye alinyamaza."

"Alinyamaza kwa makusudi!"

"Kunyamaza sikukukata. Nakala iko hapa, tazama."

Alivua miwani. Bila miwani alionekana mdogo kuliko nilivyodhani, na amechoka. "Mzee, unajua unamtetea nani?"

Nilitaka kusema kitu kikubwa. Nilikuwa nimekiandaa ndani ya basi. Lakini nikasema lililokuwepo tu: "Mimi ni msomaji, Shefu. Nikisema mutu amesema kitu hakusema, kazi yangu ni nini?"

Aliniacha nikae pale mpaka saa kumi. Kisha akaandika karatasi nyingine, fupi, kwamba mtuhumiwa hakutamka maneno yaliyokatwa, na hiyo nikaitia saini. Wiki iliyofuata Mkurugenzi alinihamishia kwenye chumba cha majalada ya zamani. Nilikaa huko karibu mwaka mzima. Kulikuwa na panya wengi na watu wachache, na nilisoma michezo ya miaka yote ambayo wenzangu waliikata kabla yangu. Nilijifunza mengi huko kuliko mezani.

Boji alitoka siku ya tisa. Alikuwa anachechemea.

Mkiniuliza mchezo ule ulileta nini, nitawaambia ukweli. Mkubwa wa gishe hakufungwa. Alihamishwa akapewa ofisi kubwa zaidi. Mafuta hayakuongezeka. Lakini ile sentensi ilikufa. Mwajuma alikuwepo kwenye foleni siku moja, mkubwa mpya alipokuwa akisaini, na kalamu yake ikakauka, maskini, ikakauka kweli. Alinyanyuka mbio kutafuta nyingine, akaomba kwa watu wa foleni, akasaini kwa kalamu ya mwanafunzi, akijifuta jasho. Hakuna aliyecheka. Waliiangalia tu ile kalamu, na yeye akaangalia wanavyoiangalia. Kwa miezi kadhaa boni zilitoka bila kuloweshwa. Halafu wakabuni njia nyingine, maana watu wa aina ile hawakosi ubunifu, na mafundi nao wakabuni mchezo mwingine.

Mchezo huo haukupita mezani kwangu, nilikuwa bado na panya. Nilikwenda Jumapili kwa hiari yangu, bila maandishi, bila kiti cha serikali. Nilipata nafasi ndogo kwenye ubao, kati ya kijana wa vipuri na mama mmoja wa Kinama mwenye kikapu cha mchicha magotini. Safari hii Boji aliigiza mtu anayegawa msaada wa maharage kwa kijiko cha chai. Sikujua anamwiga nani. Sikufikiri. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, kwa mara ya kwanza katika kazi yangu yote, na yule mama akanipiga bega kwa furaha kama ndugu yake.

Wakati wa mapumziko akanigeukia. "Mzee, wewe unafanya kazi gani?"

Ningeweza kusema karani tu. Nilimwambia. Nilimwambia kwamba mimi ndiye nilikuwa nakata maneno ya michezo hii.

Aliniangalia muda mrefu. Kijana wa vipuri naye akageuka, anasikiliza. Kisha yule mama akakishusha kikapu chini, akasogea, nami nikapata nafasi ya kukaa vizuri.